Vikombe Mgongoni mwa Mtani Wangu

Wanangu, juzi mlikuja wawili hapa kwangu Nambambo na boksi la vikombe vya plastiki vyenye pampu. Mlinisalimia vizuri, mkakaa mkekani, na swali lenu la kwanza likawa hili: "Bibi, pete ya kikombe ikitoka nyeusi mgongoni, maana yake sumu ni nyingi?" Nikawajibu kwamba maana yake umekiacha kikombe muda mrefu mno. Mkatazamana kama watu walioletewa chai bila sukari.

Najua mlikuja kutafuta siri. Mnataka kufungua chumba karibu na stendi ya Nachingwea, mweke bango, mweke pazia, muanze kuumika watu. Siwakatazi. Mimi mwenyewe kazi hii imenilisha mpaka nimezeeka. Lakini imenichukulia mtu pia, na nikiikumbuka mdomo unakuwa mchungu. Kwa hiyo mkisoma haya msitarajie maneno matamu kutoka kwa Somoe.

Kwanza muondoe kichwani kwamba vikombe vimeletwa na Wachina. Bibi yangu mzaa mama, kule Marambo, alikuwa akiumika watu kwa pembe. Pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Anaibandika mgongoni, ananyonya hewa kwa mdomo, kisha anaziba lile tundu kwa nta aliyokuwa ameificha chini ya ulimi. Meno yalikuwa yamemwisha lakini mvuto wake ulikuwa wa kutisha, mtu mzima anaita mama. Pembe ile nilirithi mimi.

Kisha akaja Daktari Mei kutoka China. Mumewe alikuwa fundi mkuu wa barabara, na yeye hakuweza kukaa kambini kutwa nzima akihesabu malori, akapanga chumba mjini Nachingwea akafungua kliniki. Mimi aliniajiri kufagia. Siku chache baadaye akagundua kwamba wazee wa vijijini hawakijui sana Kiswahili, naye anakijua cha kuokoteza tu, akanipandisha cheo nikawa mkalimani. Mgonjwa anasema Kimwera, mimi nageuza Kiswahili cha polepole, yeye anakigeuza Kichina kichwani mwake, na jibu linarudi kwa njia ileile. Mara nyingine mtu aliyeuliza habari za goti alijibiwa habari za usingizi, akashukuru akaenda zake.

Siku moja nilimpelekea ile pembe ya bibi aione. Aliishika, akaipuliza, akainusa nta. Kisha akafungua sanduku lake akatoa kikombe cha mwanzi, cheusi kwa uzee. "Bibi yangu mimi," akasema, akijigonga kifuani. Kuanzia siku hiyo alianza kunifundisha, na ufagio akapewa mwingine.

Alinifundisha vikombe vya glasi na moto. Unafunga pamba kwenye koleo, unachovya kwenye spiriti, unakamua. Nasema unakamua! Usipokamua, tone linaloungua litamdondokea mgonjwa, na hapo utajua kama una mbio. Unawasha, unaingiza moto ndani ya glasi na kuutoa papo hapo, unabandika. Ngozi inapanda yenyewe. Usimbandike mtu mwenye njaa, atazimia. Mjamzito usimguse tumbo wala kiuno. Mtu wa sukari muulize kwanza kama vidonda vyake hupona. Usibandike penye mshipa uliovimba, wala usibandike paji la uso, na hili nalijua kwa sababu nilimbandika katekista mmoja wa Nanganga aliyekuja na kichwa kinachomgonga. Kichwa kilipoa, lakini akabaki na duara jeusi katikati ya paji, mfano wa alama ya mtu anayesujudu tangu utoto. Waumini wake walimwuliza amesilimu lini. Alikasirika, akarudi wiki iliyofuata kutaka nimbandike tena, ila kisogoni.

Sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, zilichelewa. Nilichoma machungwa mpaka nikayachukia, kisha nikachoma paja langu mwenyewe, ndipo nikaruhusiwa kugusa mtu. Lakini Daktari Mei alikuwa na sheria moja kubwa kuliko sindano na vikombe, na hii ndiyo ningependa muiandike ukutani. Mkono kwanza, kikombe baadaye. Mpapase mtu, umjue mwili wake kabla hujambandika kitu. Ukikuta msuli umekaza na unauma, huo ni wetu. Ukikuta kitu kigumu ambacho hakiumi, acha. Alinishika mkono akausukuma mbali na mgongo wa mgonjwa ili nielewe. "Hiki si chetu, Somoe. Hiki hospitali. Leo, si kesho."

Maana vikombe vina kazi yake na mipaka yake. Vinalegeza msuli, vinampa mtu usingizi. Nimeona akina mama waliotoka shambani wamepinda kama mundu wakasimama wima. Uvimbe haviyeyushi. Sukari havishushi. Atakayewaambia vinginevyo ana kitu anauza.

Barabara ikaisha, fundi akahamishwa, Daktari Mei akaondoka akilia. Kliniki ikachukuliwa na Bwana Fadhili, mtu wa Dar es Salaam, suti na tai hata katika jua la mchana. Hakujua kubandika kikombe wala hakutaka kujua. Alikuja na mashine. Mgonjwa anashika chuma mkononi, kompyuta inalia ti-ti-ti, halafu inasema maradhi yake yote: ini limechoka, figo zina mchanga, damu ni chafu. Hakuna mtu aliyewahi kushika kile chuma akaambiwa ni mzima. Mzee mmoja wa Marambo alikishika huku Fadhili amesahau kubadilisha mwanamke kuwa mwanaume kwenye kompyuta, mashine ikamwambia mzee wa watu ana uvimbe kwenye kizazi. Mnadhani aligomba? Aliuliza dawa yake inanywewa kabla ya kula au baada ya kula.

Nikajifunza pia kwamba magonjwa yana msimu. Korosho zikianza kulipwa, Fadhili anapakia mashine kwenye gari tunakwenda Ruangwa, tunakaa karibu na mnada, na kila aliyetoka kupokea jasho lake anaambiwa amechoka ini. Nilikaa pale nikibandika vikombe vyangu pembeni, nikiona aibu. Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilikuwa mjane, na watu wengine waliokuja walikuwa na migongo ya kweli inayouma kweli. Mmoja wao alikuwa Redempta.

Redempta Ngonyani alikuwa mpishi wa shule ya sekondari pale mjini. Miaka nenda miaka rudi alisonga ugali wa mamia ya wanafunzi kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na bega lake la kulia lilikuwa limekaza kama gogo. Alikuwa Mngoni, mimi Mmwera, kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Nyinyi wa siku hizi utani mnauona kwenye simu tu, basi niwaeleze kidogo. Babu zao waliwavamia babu zetu, wakapigana, wakachoka, wakapatana, na mapatano yao ndiyo haya: mtani atakutukana, atakunyang'anya kitoweo, atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kukasirika. Hata ukikasirika, unachekwa.

"We Mmwera, kandamiza hapo, mbona unagusa kama unaogopa mashetani?"

"Nyamaza, mtumwa wa babu yangu. Mgongo mpana kama gunia la korosho halafu unalialia."

Ndivyo tulivyoishi. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia jambo lolote bila tusi ndani yake. Nilimpenda kuliko dada zangu, na sioni haya kusema.

Siku hiyo alilala ubavu, mkono ameuinua, mimi napapasa kutoka begani kushuka. Chini ya kwapa vidole vyangu vikakuta kitu. Kigumu, kimekaa kama punje ya korosho chini ya ngozi.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi. Ni mwiko wa ugali huo."

Nikaomba nimtazame ziwa. Ngozi upande mmoja ilikuwa imeingia ndani na kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Moyo wangu ukashtuka, na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka yote, ukasema: "Ee, Mngoni, umeficha nini humu? Kesho asubuhi nenda hospitali wakakupime, usije ukatufia tukakosa wa kumtukana!"

Alicheka mpaka kitanda kikatikisika, vikombe vikagongana kwenye sinia pembeni.

Kesho yake hakwenda. Aliwasimulia wapishi wenzake jikoni kwamba Somoe ameshamzika, sasa anasubiri kurithi masufuria. Nikamfuata Bwana Fadhili nikamwambia huyu mama si wetu, mwambie wewe aende hospitali, wewe atakusikia. Alikuwa akirekebisha tai yake mbele ya kioo. "Mama Somoe," akasema, "tukiwapeleka wote hospitali, hospitali itakuja kutulipia kodi ya chumba?" Akamwita Redempta, akamshikisha chuma. Mashine ikasema damu chafu. Akampa vidonge vya kuyeyusha uvimbe, chupa ya kijani, arudi vikiisha. Redempta akamwamini. Fadhili hakuwa mtani wa mtu. Alisema uongo wake kwa upole, kwa suti, bila kucheka.

Basi nikaamua kumwendea nyumbani. Jumapili nilivaa baibui langu la Idi. Sikubeba chochote, sikutukana mtu njiani. Nikaketi mbele yake, nikamwita kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kulitamka. "Redempta, nakuomba. Sitanii. Kile kitu ni kibaya. Twende hospitali, mimi nitakusindikiza."

Nikadhani imeingia. Kisha akapiga makofi akawaita majirani: "Njooni muone! Mmwera leo kavaa kama mgeni rasmi! Jamani, kajifunza wapi kuigiza?" Wakaja, wakacheka, nikaletewa togwa. Kadiri nilivyokaza uso ndivyo walivyoona utani wangu umeiva.

Tulipokwenda tena Ruangwa nikatoroka mnadani nikamtafuta mwanawe, Deo, anayefanya kazi kwenye machimbo ya madini ya kinywe. Kijana mzuri, mwenye adabu. Aliniamkia, akanitafutia kivuli, akanisikiliza. Nilipofika kwenye habari za ziwa machozi yakanitoka. Deo akaanza kutabasamu.

"Mama alinipigia simu," akasema. "Alisema bibi Somoe atakuja Ruangwa na uso wa msiba. Akasema ukifika mahali pa kulia tu, nikudai jogoo wa utani."

"Deo, mwanangu, nakuapia kwa Mungu."

"Hilo pia alisema utaapa."

Nililia barabarani, wanangu, na yule kijana akacheka kwa heshima, akanipakiza bodaboda na kulipa nauli. Sina kinyongo naye. Angejuaje?

Chupa za kijani ziliendelea. Fadhili alimbadilishia, akampa za bluu. Mimi nilikataa kumbandika vikombe, Redempta akasema Mmwera amekuwa mvivu. Ziwa lilipotoboka na kuanza kunuka ndipo Deo alipokuja mbio akampeleka hospitali ya misheni. Daktari hakumgombeza. Aliuliza tu mlikuwa wapi siku zote hizi.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekwisha, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Akanishika mkono huu ninaoandikia.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli, mtumwa wewe."

Nilitafuta tusi la kumjibu nikalikosa. Yeye ndiye aliyeendelea: "Sasa msibani usinionee haya. Unifanyie utani wangu wote. Nikisikia umeacha hata mmoja, nitarudi."

Akafa. Nilichukia watu wengi siku zile. Nilimchukia Fadhili kwa sababu alijua. Niliwachukia babu zetu kwa mapatano yao. Nilimchukia hata marehemu, kwa kicheko chake.

Lakini mtani ana kazi yake msibani, na nilikuwa nimeagizwa. Nikavaa aproni yake ya jikoni, nikachukua mwiko wa shule, nikatembea kama yeye, nikawafokea wanafunzi walioleta maua kwamba wamemaliza maharage. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia, ndiyo kazi ya utani hiyo. Jeneza lilipotolewa nikalala mlangoni: hapiti mtumwa wangu mpaka nilipwe.

Na Fadhili alikuwepo. Alikuja na shada na tai nyeusi.

Nikainuka. Nikachana kipande cha khanga nikajifunga shingoni, nikamwelekezea mwiko. "Shika chuma, mama! Ti-ti-ti! Mashine inasema damu chafu! Chupa ya kijani inayeyusha uvimbe, chupa ya bluu inayeyusha uvimbe na mama mkwe!" Watu wakashika mbavu. Wazee wa kanisa wakageuza nyuso ukutani mabega yakitikisika. Hapo nikaacha kuigiza. Nikausogeza uso wangu karibu na wake, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, wote wasikie:

"Fadhili, nilikuambia huyu mama si wetu. Ukamwuzia chupa mpaka ziwa likatoboka. Ulijua. Angepelekwa siku ile, leo angekuwa jikoni kwake. Wewe ndiye uliyemweka humu ndani."

Nilisikia khanga yangu inavyopepea. Kisha nyuma huko mtu mmoja akapasuka, "Watani bwana!", na ua mzima ukaangua kicheko kuliko mwanzo. Fadhili alikuwa amekauka. Aliposikia wenzake wanacheka, naye akacheka, akatoa leso akajifuta macho, akanitia noti mkononi kama desturi inavyotaka. Deo akaongeza jogoo. Mlango ukawa wazi, jeneza likapita.

Ile noti niliitupa kaburini pamoja na udongo wangu. Wakacheka na hilo.

Tulipotoka makaburini mwanamke mmoja alinifuata. Alikuwa mdogo wake marehemu, Stefania, amekuja kutoka Songea, sura ileile, mwendo uleule. Alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Akanivuta kando.

"Mtani, umetuponya leo. Hebu niambie, ile kliniki uliyoiigiza iko wapi? Hizo chupa za bluu. Nami nina kitu hapa," akagusa chini ya kwapa, "hakiumi, lakini kipo."

Nilifungua mdomo. Nikamwambia, "Nenda hospitali." Macho yake yakaanza kumeremeta, mashavu yakapanda, nikamwona dada yake mzima mzima. Nikamwacha pale na kicheko chake, nikaondoka mbio, mimi mwanamke wa Kiislamu na aproni ya jikoni, mpaka kwenye gari la Padri aliyeongoza mazishi. Alikuwa anakunja mavazi yake ya ibada.

"Padri, yule mdogo wa marehemu ana uvimbe kama wa dada yake. Anataka kwenda kwa Fadhili. Mwambie wewe aende hospitali. Mimi hanisikii, mimi ni mtani wake."

Akanitazama. "Na yale uliyomwambia Fadhili pale mlangoni, yalikuwa kweli?"

"Ulicheka, Padri?"

Akainamisha kichwa. "Nilicheka, mama."

Kisha akaenda kumwita. Sikusikia alichomwambia, lakini nilimwona Stefania kwa mbali akiacha kutabasamu, na kesho yake gari la parokia likampeleka.

Kazini sikurudi tena. Kliniki ipo palepale, Jumatatu baada ya mazishi ilikuwa na foleni, na Fadhili ameongeza mashine ya pili. Wanangu, fungueni chumba chenu. Njooni niwaonyeshe koleo na pamba, niwaonyeshe pembe ya bibi. Vikombe ni kazi rahisi, mtaijua upesi. Lakini siku mtakapokuta kitu kigumu kisichouma, msiridhike kwamba mmesema. Tazameni kama mmesikika. Kama hamkusikika, kimbieni mkamtafute atakayesikika, hata kama hamjuani naye, hata kama mtavunja heshima zenu njiani.

Stefania walimkata uvimbe ukiwa mdogo, na yuko hai mpaka leo. Kila mwaka akija kuzuru kaburi la dada yake humletea Padri gunia la maharage ya Songea kwa kumwokoa. Mimi hunipitia kunisalimu, na huanza kucheka tangu uani, kabla sijafungua mdomo.